Mfuko Wenye Koki Mbovu

Inspekta alirudi kwenye shamba la mwani akiwa na kitu ambacho kila askari hukitamani: mtuhumiwa aliyekwisha kukiri. Kilichobaki, kwa maneno ya Mkuu wa kituo, kilikuwa ni kulipiga pasi jalada ili kesho asubuhi mzee afikishwe mbele ya hakimu. Achukue chupa ya maji iwe kielelezo, aandike maelezo ya mwenye mali, arudi mapema. Kazi ya kufanywa huku mtu anasinzia.

Hata hivyo, kazi ile alikuwa akiiendea shingo upande. Tangu jana kila akifumba macho alimwona yule mlinzi mzee, ambaye shamba zima linamwita Baba Profesa, akiwa amenyoosha mikono yake mbele ya wafanyakazi wenzake wote. "Mama," mzee alimwambia kwa sauti ya chini, "niruhusu nivue sare kwanza. Sare haijakosa." Naye akamjibu, "Hatuna muda huo," akabana pingu. Muda ulikuwepo. Hata chai walikunywa baadaye, tena wakaongeza kikombe. Ilikuwa kimbelembele tu. Mwenye shamba alikuwa anatazama, na mwenye shamba ni rafiki wa Mkuu. Aibu ya neno lile ilikuwa imemkwama kooni kama mwiba wa samaki, haishuki wala haitoki.

"Afande, umenyamaza sana," alisema Sajini, ambaye alikuwa anaendesha gari kwa mkono mmoja huku mwingine ukichimba karanga mfukoni. "Kesi imeisha, tungekuwa tunaimba."

"Wewe imba. Mimi nitaitikia."

Sajini hakuimba. Alimjua bosi wake.

Shamba lenyewe halikufanana na shamba. Nyuma ya uzio wa waya kulikuwa na safu za fremu za chuma, na kwenye fremu ilining'inia mifuko mirefu ya plastiki angavu, mirefu kuliko mtu, kila mmoja umejaa maji na una mpira mwembamba unaopuliza hewa kutoka chini, ikichemka mapovu mchana kutwa. Ndani ya maji hayo ndimo mlimokuwa na mwani. Si ule wa majani marefu unaotupwa na mawimbi ufukweni. Huu ni mwani mdogo mno, jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja, unaelea na kula jua mpaka maji yanakuwa kijani kizito kama mchuzi wa mboga. Ukivunwa na kukaushwa, unga wake unauzwa kwa wafuga samaki na kwa watengeneza vidonge vya lishe. Pembeni kulikuwa na safu fupi ya mifuko iliyofungwa kabisa, haipulizwi hewa, yenye maji ya zambarau. Hao ni bakteria, nao wanaishi kwa jua, na wanatumika kusafishia mabwawa.

Zambarau ilikuwa salama. Kijani ndicho kilichokufa. Safu baada ya safu ilikuwa nyeupe, rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na harufu yake ilimfanya Sajini azirudishe karanga mfukoni.

Mwenye shamba aliwapokea langoni. Alikuwa mtu mwembamba wa miwani, amevaa mabuti ya mpira na shati la ofisini, na uso wake ulikuwa umemshuka kama aliyefiwa.

"Ameeleza alichotumia?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Klorini," alisema Inspekta. "Ile ya kuoshea vyombo vya maabara. Anasema alipanda ngazi, akafungua mfuniko wa tangi la maji masafi, akamimina dumu zima. Maji yakaingia kwenye mifuko, mifuko ikafa."

"Na dumu tupu mlilikuta kibandani kwake, chini ya koti la mvua," alidakia mwenye shamba. "Sasa unataka nini zaidi? Mtu nimemwajiri, nikamwajiri na binti yake, nikadhani ninajenga familia. Kumbe ninafuga nyoka."

"Alikuwa na ugomvi na wewe?"

"Na mimi? Yule mzee ugomvi wake mkubwa ni kusimulia habari za mwanawe. Kila mgeni akifika langoni, kabla hajaandikwa jina, atasikia kwamba binti wa mlinzi ndiye fundi wa maabara, amesoma, ana cheti. Ndiyo maana tukamwita binti huyo Profesa, na yeye Baba Profesa. Ni utani tu. Mzee alilipokea jina lile kama cheo."

Inspekta aliomba ngazi. Tangi la maji masafi lilikaa juu ya mnara mfupi wa matofali mwishoni mwa safu, na utepe wa polisi alioufunga mwenyewe jana bado ulikuwa umezunguka mfuniko, fundo ni lile lile. Alipanda. Sajini alishika ngazi na kutoa ushauri ambao hakuombwa kuhusu viatu vya kike na ngazi.

Alifungua mfuniko, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Maji yalikuwa matulivu. Halafu kwenye duara la mwanga akaona kitu kinachezacheza, kinajikunja na kujikunjua. Kikaja cha pili. Vikawa kundi.

"Afande, kuna nini huko?" aliita Sajini.

"Mashahidi."

"Wa nini?"

"Viluwiluwi vya mbu. Vimenona, vina afya kunishinda mimi."

Mwenye shamba alikunja uso. Jambo la kwanza lililomgusa lilikuwa usafi wa tangi lake, akaanza kujieleza kwamba maji yanachujwa kabla ya kufika kwenye mifuko na kwamba mfuniko ulipata ufa majuzi. Inspekta alimwacha amalize huku akishuka.

"Bwana, dumu zima la klorini likimiminwa mle, mbu angebaki?"

"Asingebaki. Lakini labda waliingia baadaye."

"Tangi nimelifunga mimi. Na wale wamekua, hawakuzaliwa jana."

"Basi mzee hakumwaga tangini," alisema mwenye shamba bila kusita. "Alimwaga kwenye mifuko yenyewe. Amekosea kueleza tu, uzee huo."

Mtu kukosea kueleza mahali alipotendea kosa lake mwenyewe! Inspekta alianza kutembea katikati ya safu, mikono nyuma, polepole. Sajini alimfuata akipiga picha kwa simu yake, kama alivyopiga alasiri walipoitwa mara ya kwanza, siku ile mwani ulipokufa. Kule kituoni walimcheka kwa tabia hiyo. Alikuwa anapiga picha kila kitu, hata kiatu chake mwenyewe.

Mwisho wa safu, pale kivuli cha mnara kilipoangukia, Inspekta alisimama. Mifuko ya pale haikuwa myeupe. Ilikuwa kijani chepesi, imepauka kidogo, lakini hai, na mapovu yalikuwa yanapanda ndani yake kama kawaida.

"Hii mbona haikufa?"

Mwenye shamba alisogea, akauinamia mfuko wa karibu, akaweka kiganja nyuma yake aone rangi. "Sijaangalia huku," alisema. "Niliona ile ya mbele imeisha, nikaishiwa nguvu."

"Ilipata maji kutoka tangi lile lile?"

"Bomba ni moja. Yote inajazwa pamoja."

Inspekta alirudi akitazama upande wa pili. Katikati kabisa ya safu iliyokufa, kwenye jua lisilo na huruma, mfuko mmoja ulikuwa kijani cheusi, mzito, unaelekea kuwa rangi ya chupa. Ulionekana kama mtu aliyevaa sare ya shule siku ya harusi.

"Na huu?"

"Aa, huo. Koki yake ya chini imekwama. Hauvunwi mpaka fundi aje abadilishe. Mafundi wenyewe ndio hao, kila siku wanakuja kesho."

"Hauvunwi, maana yake nini? Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Mwenye shamba alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Kueleza kazi yake kulimrudishia uhai kidogo. Mwani unaongezeka, alisema, hadi maji yanakuwa mazito. Yakishakuwa mazito, unafungua koki ya chini, unatoa karibu nusu ya ule uzito, unauchuja kwenye kitambaa, unatandaza uji wake kwenye sinia ukauke chini ya wavu. Halafu mfuko unajazwa maji mapya na chakula, mwani uliobaki unaanza tena kuzaliana. Huko ndiko kuvuna.

"Kwa hiyo mfuko huu wenye koki mbovu haukutolewa kitu wala haukuongezwa maji?"

"Haukuguswa."

"Ile ya kivulini ilitolewa ikaongezwa?"

"Kama mingine yote."

Inspekta alitazama mwanzo wa safu na mwisho wake. "Maji mapya peke yake hayaui," alisema, "maana ya kivulini iliyapata na iko hai. Jua peke yake haliui, maana huu uko juani na umenona. Iliyokufa ni ile iliyopata vyote viwili. Sumu gani hiyo, bwana, inayoogopa kivuli?"

"Basi jua na maji wameua kwa kushirikiana," alisema Sajini. "Tuwakamate wote wawili."

Mwenye shamba alikuwa bado ameshika miwani, na mkono unaofuta ulikuwa umesimama.

"Mnavuna wakati gani?" Inspekta aliuliza.

"Jioni. Ni lazima jioni."

"Kwa nini lazima?"

"Kwa sababu..." Aliigeuza miwani mkononi. "Mwani ukiwa mzito unafunikana. Kila mmoja anafika juani kidogo, anakunywa, anarudi kwenye kivuli cha wenzake. Umezoea hivyo. Ukiupunguza ghafla, kivuli hakuna, kila mmoja anakutana na jua uso kwa uso. Jioni si kitu, una usiku wa kupumzika, na jua la asubuhi linaupata ukiwa unalizoea kidogo kidogo. Lakini ukiupunguza asubuhi, siku isiyo na wingu, kufika alasiri..."

Alitazama mifuko myeupe kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nani anavuna?"

"Profesa. Ni kazi yake, hakuna mwingine anayegusa koki."

"Mara ya mwisho alivuna lini?"

"Jioni ya kuamkia siku ile mwani ulipokufa. Kama kawaida."

"Ulimwona?"

Mwenye shamba aliangalia mabuti yake. Inspekta alimgeukia Sajini. "Zile picha zako za siku ya kwanza. Ulipiga sinia za kukaushia?"

"Nilipiga, afande. Niliona zinapendeza."

Sajini alimpa mwenye shamba simu. Kwenye picha, chini ya wavu, sinia zilikuwa zimejaa uji wa kijani unaong'aa, na ukingoni mwa moja maji yalikuwa bado yanachuruzika.

"Uji huu ukivunwa jioni," aliuliza Inspekta, "kesho yake alasiri, kwa jua lile, ungekuwaje?"

"Ungekuwa umekauka, unavunjika kama biskuti. Huu mbichi. Huu umevunwa asubuhi ile ile." Alirudisha simu bila kumtazama mtu usoni. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini: "Jioni ile asingeweza kuvuna. Nilikuwa nimemfukuza."

"Kazini?"

"Aende nyumbani. Alikuwa ameangusha kipimo cha maji, kikavunjika. Nikampandishia mbele ya watu. Nilimwambia arudi darasani kwao akacheze na taa zake, shamba si mahali pa watu wa vyeti. Nikamwambia atoke nisimwone. Kabla ya kuvuna. Na mimi mwenyewe sikuvuna, nilienda zangu ndani na hasira, nikasahau." Alivaa miwani, ikakaa upande. "Jana nilisimama pale nikashangilia mzee akifungwa pingu."

Inspekta angeweza kusema neno la kumpunguzia mzigo. Hakulipata. Pingu zilikuwa zake.

Profesa alikuwa maabara, chumba kidogo chenye sinki refu na dirisha linalotazama mifuko. Alikuwa msichana mnene kidogo, mwenye mikono iliyopauka kwa sabuni, na alikuwa anaosha chupa ambazo mtu yeyote angeona ni safi. Hakugeuka waliposimama mlangoni. Inspekta alimwambia Sajini abaki nje, akavuta stuli, akakaa.

"Chuoni mlikuza mwani wapi, binti?"

"Chumbani, afande. Kwenye chupa, chini ya taa."

"Mlikuwa mnavuna saa ngapi?"

"Wakati wowote. Taa hazina asubuhi wala jioni, mwanga ni ule ule, tena hafi..." Chupa ilimponyoka ikagonga sinki. Haikuvunjika. Aliishika tena kwa mikono yote miwili, akasimama hivyo, amempa Inspekta mgongo.

"Endelea. Tena hafifu."

"Nilipofika hapa nikaambiwa wanavuna jioni," alisema taratibu. "Sikuambiwa kwa nini. Nilidhani ni utaratibu tu, wa kukwepa joto. Na mimi sikuuliza. Mtu amekuja na cheti, baba yake amemtangaza langoni kwa kila mgeni, ataanzaje kuuliza kitu ambacho hata mfagiaji anakijua? Asubuhi ile niliwahi kabla Bosi hajaja. Nikavuna haraka haraka ili akifika akute kazi ya jana imefanyika. Nilitaka anione wa maana."

"Ulijua lini kwamba umeharibu?"

"Kabla ya adhuhuri ulianza kupauka. Nikaja humu, nikawa naosha chupa na kulia. Baba akaja kuniletea maji ya kunywa, akanikuta."

"Ulimwambia?"

"Hakuuliza. Alinitazama. Akatazama nje, akatazama dumu tupu la klorini hapa kwenye sinki. Akasema, 'Nenda kanawe uso, watu wasikuone.' Niliporudi dumu halikuwepo. Sikulifikiria. Nilidhani amelirudisha stoo."

"Na jana?" Inspekta aliuliza. Swali hili hakupenda kuliuliza, maana jibu lilikuwa linamhusu na yeye. "Alipopigwa pingu ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Nyuma ya wenzangu." Sasa aligeuka. Macho yalikuwa yamevimba hata yakawa madogo. "Nilifungua mdomo, afande. Nakuapia, nilifungua. Watu wakaanza kuguta, 'Baba Profesa! Baba Profesa jamani!' Jina langu ndilo walilokuwa wanapigia kelele. Nikaufunga. Ukaondoka naye. Usiku nimelala kwenye kitanda changu, yeye amelala sakafuni kwenu, kwa sababu alijua nimekosea na akanibebea."

Inspekta alikuwa na maneno ya kumkemea, mengi, na yote ya haki. Alijikuta hana uso wa kuyasema. Binti huyu alinyamaza kwa hofu. Yeye Inspekta alisema, kwa sauti ya juu kabisa, kwamba hakuna muda wa mzee kuvua sare.

"Kausha mikono," alisema mwishowe. "Tunakwenda kumtoa."

Mkuu wa kituo alipandwa na mori kwanza, kama ilivyotarajiwa. Alikuwa amekwisha kumpigia mwendesha mashtaka. Inspekta alisimama mbele ya meza yake akamweleza viluwiluwi, kivuli, koki na sinia, bila kupamba. "Na kukiri kwake je?" alifoka Mkuu. "Mtu amekiri kwa kinywa chake!" "Amekiri kutia sumu kwenye tangi lenye mbu wazima, mkuu. Tukimpeleka na hilo, hakimu atatucheka mpaka tustaafu." Simu ikalia. Alikuwa mwenye shamba, anaondoa malalamiko. Mkuu alisikiliza, akaweka simu, akaanza kupanga kalamu zake mezani kwa urefu. "Mtoe," alisema bila kuinua kichwa.

Tatizo lilikuwa kwamba mzee hakutaka kutoka.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, sare yake ikiwa imekunjamana lakini vifungo vyote vimefungwa. Inspekta aliuacha mlango wazi akaketi karibu naye. Profesa alibaki kwenye korido pamoja na Sajini.

"Mzee wangu, dumu ulilitoa wapi?"

"Stoo."

"Ukalimwaga?"

"Tangini. Nimeshaandikisha."

"Tangini kuna mbu wanaogelea."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi kwenye mifuko."

"Ipi?"

"Yote."

"Hata ule wenye koki mbovu?"

"Huo ndio nilianza nao."

"Huo umenona, mzee. Haujawahi kuwa kijani kama leo."

Mzee akasema, na utani wote wa langoni ukiwa umemtoka sautini, "Mama, una watoto?"

"Ninao."

"Basi niache nilipo. Mimi ni mlinzi, kesho wataajiri mwingine. Nimekiri, mmeandika, msinitoe kwa nguvu."

"Baba."

Profesa alikuwa mlangoni. Sajini alikuwa ameshindwa kumzuia, au hakutaka. Mzee aliruka kama aliyechomwa, akamgeukia Inspekta. "Huyu mtoto amechanganyikiwa, msimsikilize! Tangu mama yake afariki hana..."

"Baba, ni mimi. Nilivuna asubuhi."

"Nyamaza!"

"Inatakiwa jioni. Mimi nikavuna asubuhi, nikaupunguza, jua likauunguza. Ndiyo hivyo tu."

Mzee alimtazama kwa muda kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. "Ndiyo hivyo tu?" alisema.

"Ndiyo hivyo tu."

"Na lile dumu?"

"Nilikuwa naosha chupa."

"Unaosha chupa," alisema mzee.

"Ndiyo, Baba. Dumu ni la kuoshea chupa. Kwani wewe ulidhani..." Akakoma. Inspekta alimwona binti akirudi nyuma moyoni, hatua kwa hatua: maji ya kunywa, macho ya baba yake dirishani, macho yale yale kwenye sinki. Njia nzima garini alikuwa akinong'ona msamaha wake peke yake, akiupanga na kuupangua. Sasa ulikuwa umemfia mdomoni. "Ulidhani nimewawekea sumu," alisema. "Mimi."

"Ulisema," alijibu mzee akitazama sakafu. "Jioni ile ulipofukuzwa. Ulipita langoni unalia, ukasema unaomba mwani wake ufe wote."

"Nilikuwa na hasira, Baba!"

"Na mimi nilijua una hasira. Kesho yake ukafa wote."

Mzee huyu alikuwa amevumilia pingu mbele ya wenzake, sakafu ya mahabusu, na kusukumwa na askari wa umri wa wajukuu zake, na muda wote alikaa wima, kwa kuwa alijua anambeba nani. Sasa alijikunja. Alifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili.

"Langoni nilikusifu kwa kila mpita njia," alisema ndani ya viganja. "Siku moja tu niliyotakiwa kukuamini, nikaficha dumu."

"Nisamehe mimi, Baba. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Wewe ulinyamaza. Mimi nilikuhukumu hata bila kukuuliza."

Binti akapiga magoti sakafuni, akaweka kichwa kwenye goti la baba yake. Mzee hakuondoa mikono usoni.

Hata bila kukuuliza. Inspekta alisimama. Jana, pale uani, naye hakuuliza. Aliona dumu, akaona mzee, akatoa pingu. Alikuwa ameingia mle ndani na neno lake moja la kusema, akajua asipolisema sasa hatalisema kamwe.

"Mzee," alianza. "Na mimi jana, ile habari ya sare..."

Mzee aliinua kiganja kimoja tu, kile kilichokuwa karibu naye, bila kumtazama.

"Ngoja, mama," alisema. "Huyu ametangulia."

Inspekta alirudi nyuma, akaegemea mlango usije ukajifunga, akangoja zamu yake.